Kishikwambi cha mama: ununue kipi, na ukiandae vipi kabla ya kumkabidhi

Swali: Mama yangu ana miaka 69. Anatumia simu janja ya Android kwa kupokea simu na WhatsApp tu, tena kwa taabu, maana maandishi ni madogo na vidole vyake vinatetemeka kidogo. Nataka kumpa zawadi ya kishikwambi ili aongee na wajukuu kwa video, asome na atazame vipindi vyake. Kaka yangu anasema tununue iPad. Muuzaji naye ananionyesha kingine cha bei nafuu, kimeandikwa RAM 12 na GB 512. Mimi naishi mbali na mama. Ninunue kipi?

Jibu: Hicho cha RAM 12 na GB 512 kiache hukohuko dukani. Mara nyingi hizo 12 ni 4 za kweli na 8 za kuazima: mfumo unamega sehemu ya hifadhi na kuihesabu kama RAM, yaani kumbukumbu ya haraka inayotumiwa na programu zikiwa zimefunguliwa, na hifadhi haina kasi ya kuifanya kazi hiyo ipasavyo. GB 512 nazo, yaani nafasi ya kuhifadhi vitu, huweza kuwa ni maandishi tu. Ukifungua mipangilio unasoma 512, kumbe chipu iliyo ndani haifiki hata robo yake, na utalijua hilo siku picha za mwezi uliopita zitakapogoma kufunguka. Kuna kibaya zaidi. Vifaa vya Android vya bei ya chini visivyo na jina, vishikwambi vikiwemo, vimewahi kukutwa na programu hasidi iliyopachikwa kabla hata boksi halijafunguliwa. BADBOX ni mojawapo. Hukaa ndani ya mfumo wenyewe, kwa hiyo hata ukifuta kila kitu na kukirudisha kifaa katika hali ya kiwandani, yenyewe inabaki. Mama ataingiza humo namba yake, picha za familia, huenda na akaunti ya benki.

Kukipima ni kazi ya dakika chache. Omba kiwashwe na kiunganishwe na intaneti, ingia Play Store, gusa alama ya akaunti juu upande wa kulia, fungua mipangilio, kisha sehemu ya "Kuhusu". Pale kuna mstari wa Play Protect, ulinzi wa Google, unaosema kama kifaa kimeidhinishwa au la. Kisichoidhinishwa usikichukue, hata muuzaji ape kwa jina la bibi yake. Fire, vishikwambi vya kampuni ya Amazon, ni habari nyingine: si feki, ila hazina Play Store bali duka la Amazon lenyewe, na programu kadhaa atakazozitaka mama huenda zisiwemo. Kwa kazi yako zipite.

Sasa iPad ya kaka. Nazungumzia iPad ya kawaida, kwa sababu Pro na Air ni kulipia nguvu ambayo mama hataigusa. Ni kifaa kizuri: hupata masasisho kwa miaka mingi na haichoki mapema. Lakini swali la kwanza ni hili: siku kikigoma, nani atapigiwa simu? Ukiwa mbali utakuwa unamwongoza kwa maneno matupu, "gusa pale juu, penye alama kama gurudumu". Kama wewe mwenyewe unatumia Android na hujawahi kushika iPad, mtakuwa vipofu wawili mnaoongozana. Mama tayari ameizoea Android. Anazijua alama zake, na zaidi ya yote anakijua kitufe cha kurudi nyuma. iPad haina kitufe hicho. Kila programu ina mshale wake, mara nyingi juu kushoto, mwingine hauonekani kabisa. Kwako ni jambo dogo. Kwa mtu aliyejifunza njia zote kwa kutumia kitufe hicho kimoja, umemng'olea kibao cha njia ya nyumbani.

Kwa hiyo kwa mazingira uliyoyaeleza ningenunua Android ya mtengenezaji anayejulikana: Samsung Galaxy Tab za mfululizo wa A, au Lenovo za daraja hilohilo. Kama ungeniambia nyote mnatumia iPhone, na kaka ndiye anayeishi na mama, ningejibu kinyume. Kwenye iPad kuna kitu kinaitwa Assistive Access, kilichokuja na mfumo wa iPad uitwao iPadOS 17 mwaka 2023, kinachogeuza skrini nzima kuwa vitufe vichache vikubwa, na kwa mzazi anayechanganyikiwa na wingi wa alama hakina mfano. Kama mama angependa menyu za Kiswahili, usiamini neno la mtu kuhusu chapa yoyote. Fungua orodha ya lugha kwenye kifaa chenyewe uone kabla ya kulipa.

Vipimo vyenyewe

Kioo kiwe cha inchi 10 au 11. Cha inchi 8 ni chepesi na kinashikika vizuri kwa mkono mmoja, ila ukishakuza maandishi kwa ajili ya macho yake, kinabaki na mistari michache mno na kila kitu kinataka kusogezwa. Cha inchi 11 kina uzito wa karibu gramu 480, ongeza kava, unafika gramu 700 au zaidi. Mkono unaotetemeka hauwezi kubeba hivyo kwa nusu saa ya simu ya video. Jawabu lake ni kava lenye mguu wa kukisimamisha mezani. Mguu wenyewe uwe wa plastiki ngumu unaofunguka kama bawaba. Yale makava ya kukunja pembetatu huteleza kila mtu anapogusa kioo, na mzee hugusa kwa nguvu.

Ubora wa kioo uwe angalau nukta (pikseli) 1920 kwa 1200. Vilivyo chini ya hapo, herufi zina kingo za kuchakaa, na macho dhaifu ndiyo yanayoziona kwanza.

Tazama kamera ya mbele iko ubavu gani. Watu wengi hawaliangalii hili. Kishikwambi kikisimama mezani kwa upana wake, kamera inapaswa kuwa katikati ya ubavu mrefu wa juu. Ikiwa kwenye ubavu mfupi, wajukuu watamwona bibi akitazama pembeni kama anayemsubiri mgeni mlangoni, na mara nyingi nusu ya uso haitaonekana. Spika ziwe mbili, kila upande moja, ili kiganja kisizibe sauti yote. Tundu la spika za masikioni la milimita 3.5 ni faida kubwa kwa asiyesikia vizuri. Za Bluetooth zitaishiwa chaji au zitapotea.

RAM ya kweli iwe GB 4 kwa uchache, 6 ikipatikana. Hifadhi iwe 128. GB 64 inatosha siku ya kwanza, lakini mfumo na programu zake hula sehemu kubwa, na vikundi vya WhatsApp vya watu wazima vina video zisizokauka. Chaji iwe ya USB-C, inayoingia upande wowote, si ile pini ya zamani yenye upande wa juu na wa chini: mtu asiyeona vizuri huilazimisha, na tundu hulegea kabla mwaka haujaisha. Uliza pia kama kichwa cha chaji kimo ndani ya boksi, maana vingi siku hizi huja na waya tu. Ukikitegemea kichwa cha zamani cha wati 5, kishikwambi kitashinda usiku kucha kikichajiwa na mama ataamini ni kibovu.

Laini au Wi-Fi pekee? Kama nyumbani kwake hakuna Wi-Fi ya kudumu, chukua chenye sehemu ya laini. Kuwasha intaneti ya simu ili kishikwambi kiipokee ni hatua nne au tano, na huo ndio mlima utakaomfanya akiache kabatini. Ila kumbuka kwamba si kila kishikwambi chenye laini hupiga simu za kawaida. iPad, kwa mfano, haipigi yenyewe.

Ukinunua kilichotumika, kifutwe mbele yako, kisha wewe mwenyewe upite hatua zote za kukiwasha upya mpaka ufike ukurasa wa mwanzo. Kikidai akaunti ya mmiliki wa zamani, kimefungwa, na hakuna ufundi halali utakaokifungua bila yeye. Angalia pia nyuma: mgongo uliovimba hata kidogo, au kioo kilichoinuka kwenye kingo, ni betri iliyofura.

Kazi yenyewe huanza baada ya kununua

Usimpelekee kikiwa ndani ya plastiki. Ile raha ya kufungua boksi ni yako, si yake. Tenga jioni moja ukiandae.

Anza na akaunti. Mfungulie ya kwake, kwa namba yake ya simu. Ukimwekea yako, majina ya simuni mwako yatamiminika kwake, picha zake zitakuja kwako, na kila Google ikitaka uthibitisho, namba itatumwa kwenye simu yako wewe ukiwa umelala. Namba ya kurejesha akaunti ndiyo iwe yako. Nenosiri liandike kwenye daftari lake kwa herufi kubwa. Ndiyo, kwenye karatasi. Hatari ya mwizi wa daftari ni ndogo kuliko ya mama kufungiwa nje ya akaunti yake. Kufungua kioo tumia namba ya siri ya tarakimu nne hadi sita. Alama ya kidole kwa wazee husumbua, kwa sababu michirizi ya vidole hupungua kadiri ngozi inavyochakaa, na kihisio hakiisomi.

Kisha vitufe vitatu vya chini. Vishikwambi vingi vipya huja vikiwa vimewekwa kwenye ishara: telezesha kutoka chini urudi mwanzo, telezesha kutoka ubavuni urudi nyuma. Mzee anayeshika kifaa kwa kukumbatia kingo zake anatelezesha bila kujua, na ukurasa aliokuwa akiusoma unayeyuka. Atakupigia kusema "vitu vyote vimepotea." Hakuna kilichopotea, kidole gumba kimepita pembeni. Kwenye Samsung mpangilio huu uko ndani ya mambo ya skrini. Kwenye nyingine uko ndani ya Mfumo, penye ishara. Chagua vitufe. Vitakula kipande kidogo cha kioo, lakini vitaonekana, na kionekanacho ndicho kinachofundishika.

Ukiwa humohumo, kuza maandishi, kisha kuza na ukubwa wa vitu, kwa sababu ni mipangilio miwili tofauti: wa kwanza hukuza herufi, wa pili hukuza alama na vitufe. Usifike mwisho kabisa wa vyote viwili. Baadhi ya programu husukuma kitufe cha "Tuma" nje ya kioo. Panda hatua mbili, fungua WhatsApp, hakikisha kila kitufe kinaonekana, ndipo uongeze. Muda wa skrini kuzima uwe dakika 10. Mzunguko wa skrini ufunge kikiwa kimelala kwa upana.

Mguso wenyewe una matatizo mawili, na yana tiba tofauti. La kwanza ni mkono unaokawia: Android huhesabu mguso wa karibu nusu sekunde kuwa ni "kubonyeza na kushikilia", basi badala ya WhatsApp kufunguka, alama inanyanyuka na menyu inachomoza. Ingia sehemu ya ufikivu (Accessibility), tafuta muda wa kugusa na kushikilia, upeleke kwenye mrefu. Kwenye Samsung huo mrefu ni sekunde moja na nusu. Samsung na iPad zina pia mpangilio wa kupuuza miguso inayojirudia, unaofaa sana kwa vidole vinavyotetemeka. La pili ni kidole kikavu. Kioo hiki hakihisi msukumo, kinahisi umeme kidogo unaopita kwenye ngozi, na ngozi kavu ya uzeeni huupitisha kwa shida. Hapo mama ataongeza nguvu, na nguvu haisaidii kitu. Mafuta kidogo ya mikono husaidia, na kalamu ya kugusia yenye ncha laini husaidia zaidi. Kwa mkono unaotetemeka chagua kalamu nene. Kioo cha nyongeza cha kulinda kisiwe kizito kupita kiasi, kwani nacho hupunguza hisia.

Ukurasa wa mwanzo uwe mmoja, wenye alama zisizozidi sita: WhatsApp, kamera, picha, YouTube, kile anachosomea, na moja ya ziada. Nyingine zote ondoa pale juu, hazifutiki kwa kufanya hivyo. Halafu funga mpangilio wa ukurasa huo. Samsung ina swichi yake kwenye mipangilio ya skrini ya mwanzo. Usipoufunga, ndani ya wiki alama ya WhatsApp itakuwa imeburutwa ndani ya folda na hakuna atakayejua ilipokwenda.

WhatsApp kwenye kishikwambi utaiunganisha na ile ya simu yake: kwenye simu ingia vifaa vilivyounganishwa, elekeza kamera kwenye mraba wa alama utakaouona kwenye kishikwambi. Kwa iPad, programu rasmi ya WhatsApp ilipatikana mwaka 2025 tu. Mtego uko hapa: simu yenyewe ikikaa zaidi ya siku 14 bila kuingia kwenye intaneti, vifaa vyote vilivyounganishwa hutolewa. Mzazi akishapenda kioo kikubwa huisahau simu, ikazimika kwenye mkoba, na baada ya wiki mbili kishikwambi "kimekataa". Mwambie simu ile aichaji na kuiwasha kila wiki. Kwenye mipangilio ya hifadhi na data ya WhatsApp, zuia video zisijipakue zenyewe.

Kuandika kutamchosha. Mwonyeshe kipaza sauti kilicho kwenye kibodi ya Google, ambacho kinaelewa Kiswahili kikichaguliwa kwenye lugha za kibodi. Kinakosea majina ya watu, lakini ujumbe unafika.

Ulinzi: kwenye Play Store weka sharti la nenosiri kwa kila malipo. Hakikisha hakuna programu yenye ruhusa ya kusakinisha kutoka nje ya duka. Kwenye Chrome, ndani ya mipangilio ya tovuti, zima arifa zote. Yale matangazo ya "kifaa chako kina virusi 13" yanayoruka juu ya kioo mara nyingi si virusi hata kimoja. Ni arifa za tovuti ambayo mtu aliigusia "Ruhusu" bila kusoma.

Kwa kuwa uko mbali, njia nyepesi ya kumsaidia ni simu ya video ya WhatsApp: anashiriki skrini yake, wewe unaona anachokiona na kumwelekeza. Ukitaka kukiendesha mwenyewe ukiwa huko uliko, programu ya TeamViewer QuickSupport hufanya hivyo kwenye Android. Kwenye iPad, kuanzia iPadOS 18, FaceTime, programu ya Apple ya simu za video, inaweza. Jaribuni pamoja kabla hujaondoka, maana ruhusa za mara ya kwanza haziwezekani kuelekezwa kwa simu bila kugombana. Na mwambie waziwazi: matapeli hutumia programu hizohizo. Yeyote asiyemtambua sauti akimwomba afungue skrini, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki, akate.

Kuna hitilafu moja ya kushtua inayohitaji aya yake. Siku moja atakuambia kishikwambi kinaongea chenyewe, kinasoma kila anachokigusa, na hakifunguki hata agonge vipi. Ni TalkBack, kisoma skrini cha wasioona. Kwenye Android nyingi huwaka kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde 3 hivi, na hivyo ndivyo mtu anavyokishika anapokinyanyua kwa kingo. Ikiwa imewaka, mguso mmoja huchagua tu. Kufungua ni kugonga mara mbili, na kusogeza ukurasa ni kwa vidole viwili. Ashikilie tena vitufe vilevile viwili itazima. Bora zaidi, zima njia hiyo ya mkato kwenye sehemu ya ufikivu unapokiandaa.

Hitilafu nyingine ni nyepesi. Kioo cheusi kisichoamka kwa kawaida ni betri iliyokauka kabisa: kikae kwenye chaji nusu saa kabla ya kujaribu tena. Kimekuwa bubu? Tazama kama Bluetooth imeunganishwa na kitu chumba cha pili, kisha kama hali ya kutosumbuliwa imewashwa. Kila kitu kimekuwa kikubwa na hakitoshi kwenye kioo? Ni ukuzaji, hurudi kwa kugonga mara tatu au kwa kitufe chake kidogo cha pembeni.

Siku ya kukabidhi, fundisha kitu kimoja: kupokea simu ya video. Nenda chumba kingine umpigie, apokee, akate. Rudieni mara tano au sita, kidole kiwe chake muda wote. Ukinyang'anya kifaa "nikuonyeshe haraka", amejifunza kwamba kazi hiyo ni yako. Kupiga iwe kesho, YouTube kesho kutwa. Acha kadi moja ya karatasi ngumu yenye mistari mitatu kwa maandishi makubwa: namba yako ya simu, jinsi ya kuwasha, jinsi ya kupokea.

Na chaji ifungwe palepale anapoketi kila siku, waya ukikifikia kishikwambi kikiwa kimesimama mezani. Vingi vinavyokutwa kabatini baada ya miezi miwili havina ubovu wowote. Soketi ilikuwa nyuma ya kitanda. Kwenye Samsung washa kinga ya betri inayozuia chaji kufika asilimia 100, kwa sababu kitakuwa kimechomekwa karibu muda wote, na betri inayoshinda imejaa ndiyo inayofura.